Mabua Yaende, Samadi Irudi



Kila mwaka, mahindi ya masika yanapokwisha kuvunwa, msafiri apitaye barabara ya kutoka Arusha kwenda Moshi huona jambo moja. Magari madogo, mikokoteni ya punda, baiskeli, na akina mama wenye mizigo kichwani, wote wanapanda kutoka tambarare kwenda mlimani, nao wamebeba mabua. Mabua hayo yanakwenda kulisha ng'ombe waliofungwa mazizini, maana huko juu mashamba ni madogo na malisho hakuna. Biashara ni nzuri. Mwenye shamba amepata fedha, mwenye gari amepata fedha, na mwenye ng'ombe amepata chakula cha mfugo wake. Lakini yuko mmoja ambaye hakupata kitu, wala hakuulizwa. Huyo ni shamba lenyewe.

Ukimwambia mtu maneno haya hucheka. Atakujibu kwamba mabua ni takataka tu, mahindi yamekwisha toka, na kilichobaki ni cha yeyote. Wengine hawauzi, bali hutia kibiriti, shamba likawaka jioni moja, na asubuhi upepo ukachukua majivu. Kisha mwaka unaofuata tunalalamika kwamba ardhi imechoka, mbolea ya chumvichumvi ni ghali, na serikali haitusaidii vya kutosha.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya takataka hiyo. Nami sitaanza kwetu, bali katika nchi ya mbali ambayo imetembea njia hii kabla yetu, na ambayo ina daftari la hesabu zake. Nchi hiyo ni Poland. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Pengine mtu atauliza, Poland na sisi wapi na wapi? Basi na aende Tengeru, karibu na Arusha. Kuanzia mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili, waliletwa pale wakimbizi Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka mashariki ya nchi yao na kupelekwa Siberia, kisha wakapitia Iran hadi kufika Afrika ya Mashariki. Pale Tengeru walikaa katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa kwa makuti na nyasi, wakalima shamba lao, wakasomesha watoto wao. Makaburi yao zaidi ya 100 yapo pale mpaka leo.

Wengi wa watu hao walikuwa wakulima, na zao waliloliacha kwao lilikuwa nafaka iitwayo rai. Rai ni ndugu ya ngano na shayiri. Sehemu kubwa ya ardhi ya Poland ni mchanga mchanga ulioachwa na barafu ya zama za kale. Ngano haiupendi udongo huo, lakini rai inaustahimili. Hupandwa mwezi wa Septemba, hulala chini ya theluji majira yote ya baridi, kisha huvunwa Julai na Agosti. Unga wake hutoa mkate mweusi na supu chachu, navyo ndivyo vilivyokuwa chakula cha maskini wa nchi ile kama ugali ulivyo kwetu.

Sasa tusikilize habari ya mabua ya rai. Rai ya zamani ilikuwa ndefu kupita kimo cha mtu. Kwa kila kilo moja ya punje, shamba lilitoa kilo moja na nusu ya mabua, na mara nyingine hata mbili. Hakuna aliyeyaita takataka. Mabua yaliyonyooka yalipurwa kwa fimbo taratibu ili yasivunjike, yakafungwa matita na kuezekea nyumba. Mengine yalijazwa katika magodoro, mengine yakasukwa vikapu na kofia, mengine yakakatwakatwa na kuchanganywa na chakula cha farasi. Lakini sehemu iliyo kubwa ilikwenda zizini. Ilitandikwa chini ya ng'ombe, farasi na nguruwe, ikanywa mkojo, ikachanganyika na mavi. Majira ya kulima yalipofika, yote yakarudishwa shambani kwa mkokoteni, yakiwa samadi.

Hapo ndipo ilipokuwa siri ya udongo ule wa mchanga. Mchanga haushiki maji wala chumvi za mimea kama haukuchanganyika na mboji. Mmea ulichukua, zizi likapokea, shamba likarudishiwa. Duara hilo lilizunguka karne baada ya karne, hata wakati nchi yenyewe haikuwapo. Maana mwaka 1795 Urusi, Prussia na Austria waligawana kipande cha mwisho cha Poland, nayo ikafutika katika ramani kwa miaka 123, mpaka ilipopata tena uhuru wake mwaka 1918. Wakulima katika sehemu iliyotawaliwa na Urusi walipewa ardhi waliyoilima kuwa mali yao kwa amri ya mwaka 1864 tu. Bendera za watawala zilipanda na kushuka, lakini mkokoteni wa samadi ulikwenda shambani kila mwaka. Taifa lile lilipopata uhuru lilikuta ardhi bado inazaa, na bila ardhi inayozaa uhuru wake ungekuwa wa njaa.

Baada ya vita ya mwaka 1939 hadi 1945 serikali ya kikomunisti ilishika nchi. Kuanzia mwaka 1948 ilijaribu kuwaingiza wakulima katika mashamba ya pamoja kwa kuwabana, lakini mwaka 1956 siasa ilibadilika na sehemu kubwa ya mashamba hayo ikavunjika. Kwa hiyo zaidi ya robo tatu ya ardhi ya kilimo ilibaki kwa wakulima wadogo, wenye farasi wao, ng'ombe wao wachache, na rai yao.

Hapa ndipo daftari linapoanza kutusaidia. Katika miaka ya 1960 Poland ilipanda rai katika zaidi ya hekta milioni 4, na mwaka 1961 ilivuna zaidi ya tani milioni 8 za punje. Ilikuwa na farasi zaidi ya milioni 2. Katika miaka ya kati ya 1970 ilikuwa na ng'ombe zaidi ya milioni 12. Mwaka 1990 rai ilikuwa imeshuka, lakini bado ilizidi hekta milioni 2. Siku hizi haifiki hekta milioni 1, na mavuno yake ni kama tani milioni 2 na nusu. Ng'ombe wamebaki kama nusu ya wale wa zamani. Farasi wa kulima wamekwisha, trekta limechukua kazi yao.

Na tupige hesabu ya kijijini ambayo kila mtu anaweza kuifuata. Tani milioni 8 za punje za rai ya zamani, kwa kilo moja na nusu ya mabua kwa kila kilo ya punje, ni tani milioni 12 za mabua. Rai ya leo imefupishwa na wataalamu ili isianguke kwa upepo. Aina za chotara, ambazo zilianza kutoka Ujerumani mwaka 1984, hutoa mabua yaliyo karibu sawa na uzito wa punje, au pungufu. Basi tani milioni 2 na nusu za punje hutoa mabua ya tani milioni 2 na nusu hivi. Kutoka milioni 12 hadi milioni 2 na nusu, katika maisha ya mtu mmoja! Sehemu nne kati ya tano zimetoweka.

Lakini mgala muue na haki umpe. Nisiwadanganye kwamba nchi ile imekuwa jangwa. Mahali palipokuwa na rai sasa pana ngano, mahindi, na nafaka mpya iitwayo tritikale, ambayo ni mtoto wa ngano na rai. Poland ndiyo nchi inayovuna tritikale nyingi kuliko zote duniani. Hekta moja ya rai iliyotoa kama tani 1.7 katika miaka ya 1960 leo hutoa karibu tani 3. Hayo ni maendeleo ya kweli, na mwenye njaa hayadharau. Mabua ya nafaka hizo nyingine nayo yapo mengi. Kwa hiyo jambo la kuuliza si mabua mangapi yamebaki tu. Jambo la kuuliza ni hili: yanakwenda wapi?

Zamani jibu lilikuwa moja, yaani zizini na kurudi shambani. Leo majibu ni mengi. Katika mashamba makubwa yasiyo na mfugo hata mmoja, mashine ya kuvunia huyakatakata mabua na kuyamwaga palepale, kisha hulimiwa chini. Hilo ni jema, ingawa lina masharti yake, nami nitayaeleza. Mengine hufungwa marobota na kupelekwa kwa wakulima wa uyoga, maana Poland huzalisha uyoga kwa wingi, nao huoteshwa katika mabua yaliyoozeshwa pamoja na mavi ya kuku. Mengine hupelekwa kuchomwa katika mitambo ya umeme na ya joto. Mwaka 2005 serikali yao iliweka utaratibu wa kuwalipa zaidi watengenezaji wa umeme usiotokana na makaa ya mawe, na tangu hapo mabua yakawa kuni zenye soko. Kuyachoma shambani wamekatazwa, na mkulima anayefanya hivyo anaweza kukatwa ruzuku anayopewa na Umoja wa Ulaya, ambao nchi yake iliingia mwaka 2004.

Wataalamu wa kilimo wa nchi ile hawakunyamaza. Walisema mpango wa mabua uende kwa zamu. Kwanza yapewe mifugo, chakula na matandiko. Pili yapewe udongo, kiasi cha kutosha kulinda mboji yake. Kinachobaki baada ya hayo mawili, hicho ndicho ziada, na ziada peke yake ndiyo iuzwe kwa kuni. Ziada ya wilaya moja si ziada ya wilaya nyingine. Penye ng'ombe wengi hakuna ziada hata kidogo. Penye mchanga mwepesi usio na ng'ombe, mabua ndiyo mboji ya mwisho iliyobaki, na anayeyauza anauza shamba lenyewe kidogo kidogo. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Kama mtu anadhani haya ni maneno ya wazee wasiopenda mashine, basi asikilize ushahidi wa mashamba ya majaribio. Mwaka 1878 bwana mmoja Mjerumani, Julius Kühn, alipanda rai katika shamba la majaribio la mji wa Halle. Shamba hilo likaitwa la rai ya milele, kwa sababu rai ilipandwa juu ya rai mwaka hata mwaka bila kubadili zao. Kipande kimoja hakikupewa mbolea yoyote. Kingine kilipewa samadi tani 12 kwa hekta kila mwaka. Vingine vilipewa mbolea za chumvichumvi. Mabua yaliondolewa. Jaribio hilo linaendelea mpaka leo, ingawa tangu mwaka 1961 sehemu yake hupandwa mazao mengine. Kipande kisichopewa kitu bado kinazaa, lakini mavuno yake ni madogo sana na udongo wake umepungukiwa. Kipande cha samadi kimeshika mboji nyingi kuliko vyote. Huko Skierniewice, katika nchi ya Poland yenyewe, chuo kikuu cha kilimo cha Warszawa kimeendesha majaribio ya namna hiyo tangu mwaka 1923 juu ya udongo mwepesi, na jibu ni lile lile: chumvichumvi hulisha mmea wa mwaka huu, lakini samadi hulisha mmea na udongo pia.

Ndugu zangu, hapa lazima tuwe waangalifu na hesabu za wakubwa. Siku hizi mataifa huandika katika vitabu ni gesi kiasi gani inatoka mashambani na kuichafua hewa. Moja katika hesabu hizo ni ya masalia ya mazao. Mabua yanapooza, sehemu ndogo ya naitrojeni iliyomo, kama sehemu moja katika mia, hukadiriwa kuwa inageuka gesi ya naitrasi oksidi, ambayo nguvu yake ya kuongeza joto duniani inazidi ya hewa ya ukaa mara 270 hivi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina hesabu hizo kwa kila nchi na kila zao kuanzia mwaka 1961. Basi ukifungua ukurasa wa rai ya Poland utaona mstari unateremka miaka nenda miaka rudi, na msomaji wa haraka atapiga makofi, "Tazama, uchafu umepungua!"

Tusipige makofi upesi. Mstari ule umeteremka kwa sababu rai imeondoka, si kwa sababu mkulima amejifunza kutunza mabua vizuri zaidi. Tena hesabu hiyo ya gesi haisemi neno juu ya mboji iliyojengwa au kuliwa katika udongo, wala juu ya mfuko wa mbolea ambao mkulima sasa analazimika kuununua. Hesabu si ya uongo, ila inajibu swali moja tu. Sisi wenye jembe tuna maswali mengine, na tusipoyauliza wenyewe hakuna atakayekuja kutuulizia.

Sasa turudi kwetu, katika barabara ile ya Arusha na Moshi.

Hatuna rai, lakini tuna mahindi, na sheria ya udongo ni moja. Tani moja ya mabua makavu ya mahindi ina kama kilo 7 za naitrojeni, na potasiamu zaidi ya hiyo. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Maana yake ni kwamba tani tatu za mabua zimebeba naitrojeni inayokaribia mfuko mzima wa urea. Mkulima anayevuna gunia 20 za mahindi kwa hekta, yaani tani 2, huacha shambani mabua ya tani 2 mpaka 3. Akiyauza yote, au akiyachoma yote, kila mwaka amepoteza kiasi kinachokaribia mfuko wa urea kwa kila hekta. Naye huyo huyo, mvua zikianza, huonekana katika foleni ya kununua mbolea! Ajiulize, je, bei aliyopewa ya mabua inatosha kununua mfuko mmoja?

Na hiyo ni naitrojeni tu. Urea haina mboji. Haina kitu cha kufunika ardhi jua linapochoma mwezi wa Septemba, wala cha kuzuia mvua ya kwanza isibebe udongo kwenda mtoni.

Najua yatakayosemwa. La kwanza, "Huyu anataka turudi kwenye nyumba za nyasi na magodoro ya mabua." Sivyo. Poland haikukosea kuezeka bati wala kununua trekta. Trekta halina kosa. Kosa liko pale duara linapokatwa na mtu asione kwamba limekatwa, kwa kuwa mavuno ya mwaka huu bado ni mazuri. Udongo ni mkopeshaji mpole, haudai mwaka wa kwanza wala wa pili. Ukianza kudai, deni limekwisha kuwa kubwa.

La pili, "Mkulima ni maskini, anahitaji fedha ya mabua kulipa mahitaji ya shule." Hili ni neno la kweli na sitalidharau. Tena mwenye ng'ombe mlimani naye ni ndugu yetu. Maziwa yake ndiyo yanayonyweshwa watoto. Sisemi ng'ombe wake afe njaa. Nasema kwamba ng'ombe hali mabua yakaisha. Sehemu kubwa ya chumvi za mimea zilizomo hutoka nyuma yake katika samadi. Lakini samadi hiyo inakwenda wapi? Inakwenda kwenye migomba na kahawa ya kihamba cha mlimani, palepale karibu na zizi, kwa sababu ni nzito na tambarare ni mbali. Mwaka hadi mwaka tambarare inalisha mlima, na mlima haurudishi. Kihamba kinanenepa na shamba la chini linakonda, hata kama yote mawili ni mali ya ukoo mmoja.

La tatu, nalo ni baya kuliko yote, ni la shamba la kukodi. Mtu anakodi shamba kwa msimu mmoja, anavuna mahindi, anauza mabua mpaka la mwisho, anaondoka. Mwenye shamba amekaa mjini na amekwisha pokea kodi yake. Msimu ujao anakuja mwingine. Shamba kama hilo ni yatima. Kila mmoja anachukua na hakuna arudishaye, kwa sababu hakuna anayetazamia kuwapo miaka mitano ijayo kuona matokeo.

Basi tufanye nini? Mimi si mtaalamu wa kuamuru, lakini nasema yale ambayo kijiji chochote kinaweza kuyajadili katika mkutano wake.

Kwanza, kuchoma mabua kukomeshwe, na kukomeshwe na wanakijiji wenyewe kwa sheria zao ndogo, wakielewa sababu. Enzi ya ukoloni tuliamrishwa matuta na makinga maji kwa faini na viboko, na watu wakayachukia hata yale yaliyokuwa na faida. Jambo jema likiletwa kwa kiboko huonekana baya. Safari hii mwalimu awe hesabu ile ya mfuko wa urea.

Pili, mabua yasiuzwe yote. Mkulima aache sehemu shambani, walau theluthi, kufunika ardhi. Na asiyalimie chini makavu bila kufikiri, maana haya ndiyo masharti niliyoahidi kuyaeleza. Mabua yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Vijidudu vya udongo vikianza kuyaozesha huinyang'anya mimea michanga naitrojeni iliyopo, na mahindi hugeuka manjano. Ndiyo sababu wenzetu wa Poland huongeza naitrojeni kidogo wanapoyalimia, au huyapitisha zizini kwanza. Sisi tunayo njia iliyo rahisi zaidi: tuchanganye na kunde, maharage, mbaazi au fiwi, ambazo mizizi yake huleta naitrojeni kutoka hewani bila kulipiwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mabua yanayouzwa yauzwe kwa mapatano ya samadi. Gari linalopanda mlimani na mabua lisiteremke tupu. Mwenye ng'ombe na mwenye shamba wapatane mapema, matita kadhaa kwa magunia kadhaa ya samadi, na ushirika wa kijiji uandike. Na katika kukodisha shamba liwekwe sharti: mpangaji atakayetoa mabua atarudisha samadi, au ataacha mabua mahali pake. Mwenye shamba asiyeweka sharti hilo asije akalia baadaye kwamba ardhi yake haikodishiki.

Mtu asiseme kwamba jambo hili ni la Wazungu. Wamatengo wa Mbinga wamelima milima mikali kwa ngoro zaidi ya miaka 100. Hukata majani, huyalaza katika miraba, huyafunika kwa udongo, hupanda juu yake, na masalia ya mazao huyatupa katika shimo la katikati yaoze pale pale. Hakuna bwana shamba wa kikoloni aliyewafundisha. Waliona mteremko, wakaona mvua, wakajua kwamba kinachotoka shambani bila kurudi kinakwenda mtoni. Elimu hiyo ni yetu. Tumeiacha ikae Mbinga peke yake kama mila ya watu fulani, wakati ingefaa kuwa somo la kila shule.

Wapolandi wale waliolala Tengeru walinyang'anywa nchi kwa bunduki, na jambo la namna hiyo kila mtu huliona na kulilia. Lakini ardhi huweza pia kuondoka bila bunduki na bila mkoloni, tita kwa tita, juu ya gari letu wenyewe, kwa bei tuliyoikubali wenyewe, na hakuna atakayeandamana siku hiyo. Nchi yao ilichukua miaka sitini kuona mabua ya rai yakipungua na samadi ikipungua pamoja nayo, na leo wataalamu wao wanabishana ni robota gani liende kwenye umeme na lipi libaki ardhini. Sisi bado tunaweza kupatana wenyewe kwa wenyewe, mwenye shamba na mwenye ng'ombe, kabla mnunuzi mkubwa hajatokea na mashine ya kufunga marobota na bei itakayotupofusha.

Mavuno yajayo, ndugu yangu, gari likisimama shambani kwako na mtu akakuuliza bei ya mabua, mtajie bei yako. Kisha muulize na wewe, samadi utaleta lini?